Fizi Zitokazo Damu na Mfanyakazi wa Kinu cha Pamba

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi vya Shinyanga na Geita



Kila msimu wa pamba unapokaribia, chama hukagua mizani, magunia, vitabu vya stakabadhi na paa la ghala. Mkuu wa kinu cha kuchambulia pamba naye hukagua mikanda, mitambo na vifaa vya kuzimia moto. Yote hayo huandikwa, na mkaguzi akija huyakuta katika jalada. Kiko kitu kimoja ambacho hakiandikwi popote, nacho ni kinywa cha mtu atakayesimama mbele ya mitambo hiyo, zamu ya mchana na zamu ya usiku, mpaka robota la mwisho lifungwe. Hakiandikwi kwa sababu hakisimamishi mashine. Mwenye homa hulala kitandani, na aliyeumia mkono hupelekwa zahanati. Lakini yule ambaye fizi zake hutoka damu huja kazini kama kawaida, hutema mate mekundu nje ya mlango, kisha huingia ndani akaendelea na kazi. Miaka kumi au kumi na mitano baadaye meno yake huanza kucheza, naye husema kwamba ni uzee, ingawa hajatimiza miaka 45.

Yafaa kwanza ieleweke fizi huugua kwa njia gani. Juu ya jino, hasa pale linapokutana na fizi, hujengeka utando laini uitwao ukoga. Utando huo si mabaki ya chakula tu, bali ni makazi ya vijidudu vingi mno. Usipoondolewa kila siku, fizi huwaka, huvimba, hugeuka rangi kutoka ya waridi iliyopauka kuwa nyekundu, na hutoka damu kwa kuguswa kidogo. Baada ya siku kadhaa ukoga huanza kuwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauwezi tena kuubandua. Lazima ukwanguliwe na mganga wa meno kwa chombo chake. Hali hiyo ikidumu kwa miaka, kwa baadhi ya watu maradhi huteremka chini ya fizi na kuula mfupa unaoshika jino. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Kwamba ukoga ndio chanzo si jambo la kukisia. Mwaka 1965 mtaalamu Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu 12 wenye fizi nzima. Watu hao waliacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wameugua fizi. Wakarudia kupiga mswaki, na katika muda wa wiki moja hivi fizi zikapona. Jaribio hilo lafaa kukumbukwa na kila katibu, kwa kuwa linabomoa fikra iliyoenea sana katika vinu na vijijini, kwamba fizi ikitoka damu ipumzishwe. Mfanyakazi huona damu kwenye mswaki, huogopa kwamba anajijeruhi, basi huacha kupiga mswaki upande ule "mpaka upone". Kumbe ni kinyume chake. Upande ule ndio unaodai kusafishwa zaidi, kwa upole na kwa makini, na damu itakoma yenyewe baada ya siku chache. Ikiwa haikukoma baada ya wiki mbili za usafi wa kweli, hapo huenda kuna ukoga mgumu au maradhi mengine, na mtu aende kwa mganga.

Je, kila anayepuuza meno yake atayapoteza? La, na haifai kuwatisha watu kwa uwongo. Löe huyohuyo na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, wanaume ambao hawakupiga mswaki wala hawakupata matibabu ya meno. Karibu wote walikuwa na ukoga mwingi na fizi zilizowaka. Hata hivyo, takriban asilimia 8 tu ndio waliougua kwa kasi kali, kiasi kwamba walipofika miaka 45 meno yao yalikuwa yamekwisha. Asilimia 81 maradhi yao yaliendelea kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuendelea zaidi ya fizi kuwaka. Hapa Tanzania pia, uchunguzi wa watu wazima uliochapishwa mwaka 1986 na Baelum, Fejerskov na Karring ulionyesha picha inayofanana na hiyo: ukoga ulikuwa mwingi, fizi zilizowaka zilikuwa nyingi, lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache.

Kwa mwenye kuajiri maana yake ni hii. Katika kinu chenye vibarua mia, wengi watakuwa na fizi zenye damu, lakini wachache ndio walio katika njia ya kupoteza meno. Kazi ni kuwatambua wachache hao mapema. Na alama ya kuwatambulia, ambayo haigharimu senti moja, ni damu. Mtu huiona mwenyewe asubuhi anapotema mate.

Hapa ndipo panapoingia tumbaku, na hapa yafaa kukaa kidogo.

Katika kinu cha pamba sigara ni marufuku, wala hakuna haja ya kueleza sababu kwa mtu aliyewahi kuona pamba ikishika moto. Sheria hiyo ni njema na idumu. Lakini sheria ya moto haikuandikwa kwa ajili ya afya ya kinywa. Mvutaji aliyezuiwa kuwasha sigara kwa muda wote wa zamu hana budi kungoja mapumziko, kisha avute mbili au tatu kwa mfululizo nyuma ya uzio. Au hugeukia ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambayo haina moto wala moshi na hakuna msimamizi anayeiona. Huiweka kati ya mdomo na fizi, na hukaa humo saa nzima. Pale mahali inapowekwa, fizi hushuka na kuacha shina la jino wazi, na ngozi ya ndani ya mdomo hugeuka nyeupe na kukunjamana. Weupe huo usidharauliwe, maana kwa baadhi ya watu ndio mwanzo wa saratani ya kinywa.

Sigara nayo ina hila yake, ambayo ni mbaya kuliko zote. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu katika fizi. Kwa hiyo fizi ya mvutaji haivimbi sana, haiwi nyekundu sana, na haitoki damu kama ya mwenzake, hali chini yake mfupa unaliwa kwa kasi zaidi. Wavutaji huugua maradhi makali ya fizi mara kadhaa kuliko wasiovuta, na hata wakitibiwa hupona polepole. Basi wakitazamwa wafanyakazi wawili, mmoja anayelalamika kwamba fizi zake zinatoka damu na mwingine mvutaji ambaye hajawahi kuona tone, huenda aliye hatarini zaidi ni yule aliyenyamaza. Alama yake imezimwa. Mvutaji asingoje damu. Akione kinywa chake kwa macho ya mganga mara moja kwa mwaka, na azingatie alama nyingine: meno yaliyoonekana kurefuka, nafasi mpya kati ya meno, harufu isiyotoka kwa mswaki, jino linalocheza.

Hutokea pia kwamba mtu akiacha sigara, wiki chache baadaye fizi zake huanza kutoka damu ambayo hakuwa nayo. Wengine huona hiyo ni dalili kwamba kuacha kumewadhuru, wakarudia. Damu hiyo ni mishipa inayorudi katika kazi yake. Apige mswaki vizuri, nayo itakwisha.

Jambo hili ni gumu kulisema katika eneo hili, wala halifai kufichwa. Kahama ni nchi ya tumbaku, na Chama Kikuu cha Ushirika Kahama, KACU, ni cha wakulima wa zao hilo. Ada za shule, mabati ya nyumba na baiskeli nyingi za wanachama zimetoka katika mabani ya kukaushia majani. Hakuna anayemwambia mkulima huyo aache zao lake leo bila kumwonyesha jingine. Lakini ushirika unaopokea fedha ya jani ndio wenye wajibu mkubwa zaidi wa kusema waziwazi jani hilo linafanya nini katika kinywa cha mtu. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya jambo hilo. Chama cha msingi hakivunji mkataba wowote na mnunuzi kwa kubandika tangazo ukutani.

Tabia nyingine zinazotajwa mara kwa mara ni za zamu ya usiku. Chai yenye sukari nyingi na maandazi saa saba za usiku, chai tena saa kumi, kisha kurudi nyumbani alfajiri na kulala palepale bila kusafisha kinywa. Hapa itenganishwe: sukari hutoboa jino, na ukoga huwasha fizi. Ni maradhi mawili, ingawa huishi nyumba moja. Kinacholeta madhara kwa fizi katika zamu ya usiku ni kupotea kwa saa ya mswaki. Mtu wa mchana ana asubuhi yake na usiku wake. Mtu wa zamu hana. Asubuhi yake ni jioni ya wengine, na mswaki husahaulika katikati. Dawa ni kuufungamanisha mswaki na usingizi, si na jua: kabla ya kulala, saa yoyote ile, kinywa kisafishwe. Vumbi la pamba nalo huziba pua, na mtu anayepumua kwa mdomo usiku kucha hukauka fizi za mbele, zikawaka upesi. Barakoa inayomlinda mapafu humlinda na fizi pia.

Pombe haina la kueleza sana. Mlevi hulala bila kupiga mswaki, na mara nyingi mlevi na mvutaji ni mtu mmoja.

Juu ya chakula, liko jambo moja la kale. Fizi zilizovimba na kutoka damu zaweza kuwa kiseyeye, yaani ukosefu wa vitamini C, ambao James Lind aliujaribia tiba ya machungwa na malimau kwa mabaharia mwaka 1747. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, kiseyeye kiliwapata wachimbaji waliolishwa unga wa mahindi pasipo mboga. Anayeishi kambini kwa ugali na dagaa wakavu, au kwa michembe ya kiangazi, miezi mitatu mfululizo, akumbuke kwamba viazi vilivyokaushwa juani vimepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Ubuyu umejaa tele Shinyanga, na unga wake una vitamini C nyingi. Lakini asijidanganye mtu: kwa wafanyakazi walio wengi fizi hutoka damu kwa ukoga, na ubuyu peke yake hautabandua ukoga.

Kisukari pia kitajwe. Mwenye kisukari huugua fizi kwa urahisi zaidi, na fizi zikiugua sukari yake huwa vigumu kutawala. Wajawazito nao fizi zao huvimba upesi, nao wasiambiwe kwamba ni kawaida ya mimba wakaacha mswaki.

Hapa Shinyanga kuna kosa moja la kuangalia. Sehemu nyingi za mkoa maji ya visima yana madini ya floridi kwa wingi, na watoto waliokua wakiyanywa, pengine na kula vyakula vilivyopikwa kwa magadi, huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo yako ndani ya jino. Si uchafu, hayaambukizi, na hayahusiani na maradhi ya fizi. Mtu asidhihakiwe kwamba hapigi mswaki, wala asiyasugue kwa mchanga au mkaa uliosagwa, maana atakwangua jino na kujeruhi fizi, na doa litabaki. Tangu mradi wa maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele ulipofika Shinyanga na Kahama mwaka 2009, watoto wa miji hiyo wana nafasi ya kukua na meno tofauti na ya baba zao.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, liko jambo la ziada ambalo halimhusu mtu wa kinu ila linamhusu ndugu yake. Wanachama wengi baada ya kuuza pamba huenda machimboni. Huko wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko ule ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke wake ni sumu. Miongoni mwa dalili za kwanza za sumu hiyo ni kinywa: mate mengi, ladha ya chuma mdomoni, fizi zilizovimba na kubadilika rangi, meno kulegea, kisha mikono kutetemeka na usingizi kupotea. Mwaka 2003 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, wilayani Geita, na hali ya fizi ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoangaliwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020.

Inatajwa hapa kwa sababu ya tabia moja: kuchomea dhahabu nyumbani, juu ya jiko linalopikia ugali, mlango ukiwa umefungwa ili jirani asione. Mvuke huo hauchagui mwenye dhahabu. Humfikia mama aliye jikoni na mtoto aliye mgongoni. Mwenye kuchoma achome mbali na makazi, katika chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena, na anawe mikono kabla ya kula au kushika sigara. Mchimbaji mwenye dalili zilizotajwa asitibiwe kwa mswaki na maji ya chumvi tu. Aeleze hospitalini kazi anayofanya, kwa kuwa mganga asiyeambiwa habari ya zebaki ataona fizi tu.

Basi, Ndugu Makatibu, kipo nini cha kufanywa na chama? Vinu vya eneo hili vimepita mikono mingi. Vilikuwa vya vyama vikuu, vikachukuliwa mwaka 1976 vyama hivyo vilipovunjwa, vikarudishwa baada ya sheria ya 1982, na tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa katika miaka ya 1990 vingi vya karibu ni vya wafanyabiashara binafsi. Kwa hiyo si kila katibu anayo amri juu ya kinu. Lakini kila chama kina kikao kabla ya msimu, na vibarua wa kinu wengi ni wanachama au watoto wa wanachama.

Kwanza ni maji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na mahali pa kunawia. Pipa lenye bomba na ndoo ya maji machafu, likiwekwa karibu na lango ambapo zamu hupokezana, latosha kumwezesha mtu asukutue na kupiga mswaki kabla ya kuondoka. Penye vinu visivyo na maji, hotuba ya afya ni kelele. Katibu aandike barua, ajibiwe au asijibiwe, na nakala ikae katika jalada.

Pili ni mswaki wenyewe. Hakuna haja ya kudai vitu vya dukani. Kijiti cha mswaki au cha mwarobaini, kikitafunwa ncha mpaka iwe laini na kubadilishwa kila kinapochakaa, kinaondoa ukoga sawasawa, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kuunga mkono matumizi yake. Sharti lake ni kwamba kifike nyuma, magegoni na upande wa ndani, ambako watu wengi husahau, na kisugue mpaka mpakani mwa jino na fizi. Wengi husugua meno sita ya mbele yanayoonekana wakicheka, wakahesabu kazi imekwisha. Penye ngitili, wazee waombwe ruhusa ya kukata vijiti bila kuharibu miti. Dawa ya meno yenye floridi husaidia jino lisitoboke, na anayeweza kuinunua anunue. Fizi huhitaji zaidi ule usuguaji.

Tatu ni orodha. Katika wiki ya kuandikisha vibarua, karani aulize maswali manne na kuandika majibu: fizi zinatoka damu kwa zaidi ya wiki mbili? Lipo jino linalocheza? Lipo doa jeupe au kidonda kisichopona mdomoni? Unatumia sigara au ugoro? Majibu hayo ni siri ya mtu, wala yasitumiwe kumnyima kazi. Karani atakayeyatangaza hatapata jibu la kweli mwaka unaofuata. Mwenye jino linalocheza na mwenye doa au kidonda cha zaidi ya wiki mbili wapelekwe hospitali ya wilaya kabla mashine hazijawashwa, kwa kuwa msimu ukianza hakuna atakayepewa ruhusa. Yatakayoishinda hospitali ya wilaya yatapelekwa Bugando, Mwanza.

Gharama ya nauli hiyo iingizwe katika makisio ya chama chini ya kifungu cha ustawi wa wanachama, na ipitishwe na mkutano mkuu, ili mkaguzi akiikuta katika hesabu asiifute.